Ninavyopanga vitufe na menyu za Canon 6D kwa kazi ya harusi

Napiga harusi, send-off na kitchen party hapa Morogoro, na kamera yangu ni Canon 6D niliyoinunua mtumba Kariakoo. Ilitoka mwaka 2012, ina megapikseli 20 na nafasi ya kadi moja tu. Vijana wa siku hizi wanaicheka. Wacheke, ukumbini kwenye giza bado inanilisha. Tatizo ni kwamba ilivyotoka kiwandani haikupangwa kwa mtu anayetembea kinyumenyume mbele ya maharusi huku MC anapiga kelele na mashangazi wanamwaga vigelegele sikioni.

Kwa hiyo nimeipanga upya, na kipimo changu ni kimoja: kitu ninachokihitaji jicho likiwa kwenye tundu la kuchungulia, kidole kikipate gizani. Kinachoweza kusubiri nusu dakika kinaingia My Menu. Vingine vyote nimeviacha huko huko vilikozikwa.

Kabla ya kugusa chochote, zungusha gurudumu la juu uliweke kwenye P (kamera inapanga mwanga yenyewe) au M (unaupanga mwenyewe). Ukiwa kwenye A+ ile ya kijani, yaani otomatiki kabisa, kamera inakuficha nusu ya menyu na utadhani yako ni mbovu. Halafu zijue rangi: nyekundu ni za kupiga, bluu za kuangalia picha, njano za kamera yenyewe, chungwa ni Custom Functions, na kijani yenye nyota ni My Menu.

Cha kwanza kiko kwenye nyekundu ya mwanzo kabisa: "Release shutter without card". Kiwandani wameacha kamera ikubali kupiga hata kama haina kadi. Nenda ukazime sasa hivi, kisha urudi tuendelee.

Mimi nililijua hili kwa machozi. Ilikuwa send-off, mchana nilikuwa nimechomoa kadi kuhamishia picha kwenye laptopu, nikasahau kuirudisha. Picha kujionyesha baada ya kupiga nilikuwa nimezima ili kubana betri. Binti akaingia ukumbini ameshikwa mkono na bibi yake, mzee wa miaka themanini na ushee, anacheza taratibu na kanga mbili begani. Nikapiga kama mtu aliyepagawa. Shata inalia vizuri kabisa, kla, kla, kla. Nilipotaka kutazama nimepata nini, hakuna kitu. Yule bibi tulimwomba aingie tena, akakubali, lakini mara ya pili alikuwa anaiangalia kamera. Ukishazima hiyo, kamera bila kadi inagoma kupiga, na kugoma ndiko unakokutaka.

Sasa tuje kwenye C1 na C2 pale juu ya gurudumu. Hizi ni nafasi mbili za kuhifadhi mpangilio mzima wa kamera. Watu wengi wanaweka moja ya kanisani na moja ya ukumbini. Mimi C2 yangu ni kamera ya kumkabidhi mtu. Lazima siku moja utamwachia mjomba wa bwana harusi kamera akupige na wewe, au msaidizi ataishika wakati unabadilisha betri za fleshi. Ukimpa kamera yenye vitufe ulivyovigeuza, atakuletea ukungu mtupu.

Ndiyo maana C2 huipanga kwanza, wakati vitufe bado viko kama vilivyotoka kiwandani. Weka gurudumu kwenye P, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) iwe otomatiki, picha ziwe JPEG kubwa, faili la kawaida. Bonyeza MENU, nenda njano ya mwisho, chagua "Custom shooting mode (C1, C2)", kisha "Register settings", chagua C2, OK. Kwa kuwa nafasi hizi zinahifadhi na kazi za vitufe, C2 itabaki ya kawaida hata ukivuruga vingine vyote baadaye. Ukianza na vitufe ukaja C2 mwishoni, utakuwa umehifadhi vurugu zako.

Baada ya hapo ndipo tunahamisha fokasi kwenye kidole gumba. Rudi kwenye P au M, nenda menyu ya chungwa, kundi la tatu, ingia "Custom Controls". Utaona mchoro wa kamera na vitufe vyake. Wa kwanza ni kitufe cha shata kikibonyezwa nusu. Kibadilishe kutoka "Metering and AF start" kiwe "Metering start" peke yake, yaani kipime mwanga bila kufokasi. Kitufe cha AF-ON, kile cha nyuma kwenye gumba, kiache kama kilivyo, kianzishe fokasi. Basi. Kuanzia hapo kidole cha shahada kinapiga tu, na gumba linafokasi tu.

Faida yake utaiona siku ya kwanza ya keki. Maharusi wamesimama, umeshafokasi jicho la bibi harusi kwa gumba, umeliachia. Anapita mhudumu na sinia la soda katikati. Kamera iliyo kwenye mpangilio wa kiwandani, ukibonyeza shata tena inalishika sinia. Yako haijali, inabaki pale ulipoiacha mpaka gumba liseme vingine. Mimi naweka na AI Servo, fokasi ya kufuata kinachosogea, moja kwa moja: nikishikilia AF-ON, inamfuata anayetembea, nikiachia, imetulia. Sina haja ya kubadilisha kutoka One Shot, ile inayofokasi mara moja na kujifunga, kwenda Servo na kurudi.

Wiki mbili za mwanzo utakosea, nakuambia mapema. Utabonyeza shata kwa mazoea na picha itatoka na ukungu. Usianze kujifunza kwenye harusi ya mtu aliyekulipa. Piga kuku uani, piga watoto wakicheza mpira, piga bodaboda zinazopita. Mimi nilifanya mazoezi na mbuzi wa jirani, ambao hawatulii hata kwa dawa.

Ukiwa bado humo kwenye Custom Controls, kuna viwili vingine vya kumalizia. Kitufe cha mwelekeo nyuma, kile cha pande nane kilicho ndani ya gurudumu la nyuma, kipe "AF point direct selection". Kabla ya hapo inabidi ubonyeze kitufe kingine kwanza ndipo uhamishe nukta ya fokasi. Kwa 6D si jambo kubwa sana, nukta zenyewe ni 11 na ya katikati ndiyo inayoona gizani vizuri kuliko zote, lakini picha za familia zilizosimama wima zinahitaji nukta ya juu. Kitufe cha SET nacho kipe ISO: unakishikilia kwa gumba huku unazungusha gurudumu la mbele. Vitufe vya juu vimepangana mstari mmoja, na mimi gizani nimeshagusa cha kupima mwanga nikidhani ni cha ISO mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

C1 ni ya ukumbini na fleshi. Yangu imehifadhiwa hivi: M, shata 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/4, ISO 1600, RAW (faili ghafi la kuhariri baadaye). Shata naiacha chini kidogo ili taa za mapambo ziingie kwenye picha. Ukipiga 1/200 na fleshi ya kawaida, 6D haifiki huko, mwisho wake ni 1/180. Anza na namba zangu, ukumbi wako ukitaka vingine badilisha, kisha sajili upya kwa njia ile ile ya C2.

Kuna mtego hapa. Ukiwa C1 ukabadilisha kitu, tuseme ISO umepeleka 3200, kisha kamera ikalala yenyewe wakati wa hotuba, ikiamka inarudi kwenye 1600 iliyosajiliwa. Haikuambii. Pale kwenye menyu ya C1 na C2 kuna "Auto update set." inayofanya kamera ikumbuke kila unachogusa. Mimi siiwashi, maana nataka kila ukumbi nianze na namba ninazozijua. Badala yake nimeongeza muda wa kulala, "Auto power off", kutoka dakika 1 hadi 8. Betri inaumia kidogo, lakini natembea na tatu.

My Menu ni rahisi, sitakaa sana. Ingia ile nyota ya kijani, "My Menu settings", "Register to My Menu", chagua unachotaka, SET, OK. 6D inabeba vitu sita. Vyangu: kufomati kadi, Wi-Fi, udhibiti wa fleshi ya nje, mwanga wa skrini, hiyo sehemu ya kusajili C1 na C2, na saa. Saa watu wanaipuuza. Mwenzangu wa video na mimi huzilinganisha kamera zetu dakika kwa dakika kabla ya kazi, vinginevyo siku ya kupanga picha keki inakatwa kabla ya maharusi hawajaingia. Ukimaliza kuvipanga, washa "Display from My Menu", na kila ukibonyeza MENU utafikia hapo kwanza.

Wa Nikon nanyi mnayo My Menu, tena inabeba vitu hadi 20, na D750 ina U1 na U2 mahali pa C1 na C2. Kwenye hiyo D750, kitufe cha AE-L/AF-L ukikipa kazi ya AF-ON, shata yenyewe inaacha kufokasi, huna haja ya kugusa pengine. Sony wana menyu ya Fn, ya njia za mkato, yenye nafasi 12. Majina tofauti, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule.

Jambo la mwisho ulifanye leo leo. Chukua simu, piga picha kila ukurasa wa menyu uliobadilisha, pamoja na ule wa vitufe. Mwaka juzi niliipeleka 6D kwa fundi asafishe sensa, ikarudi safi kweli kweli, na mipangilio yangu yote kaifuta. Nilikuwa na harusi kesho yake saa nne asubuhi. Usiku ule nilikaa kitandani nakumbuka kitufe kimoja kimoja. Sasa picha za kurasa hizo ziko tisa kwenye simu yangu, na nyingine tisa kwenye simu ya mke wangu.