Namna ya Kupanga Vipaumbele vya Mazingira Kabla ya Kikao cha Bajeti Chukwani

Jumuiya ya mazingira inayotaka kusikilizwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar haina budi kuanza mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na bajeti hujadiliwa Chukwani, kwenye ukumbi wa Baraza hilo, wiki chache kabla ya hapo. Anayebisha hodi mwezi wa Juni hukuta mafungu yamekwishagawiwa. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ya kukusanya ushahidi na kukubaliana wenyewe kwa wenyewe.

Kazi ngumu ni kupunguza. Mwakilishi aliyekabidhiwa mambo kumi na tano hajui ashike lipi. Mawili au matatu yanatosha, na kila moja liandikwe kwa namna ambayo Serikali itaweza kulijibu kwa kukubali au kukataa. “Tuhifadhi mikandaa”, yaani mikoko, halijawa ombi. Kuomba fungu la doria ya mikandaa na la kuziba maji ya chumvi yanayoingia kwenye makonde ya Kisiwa Panza, Pemba, ni ombi, na Waziri atalazimika kulitolea kauli.

Kisha mtafute mlango wa kila ombi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Nam. 3 ya 2015 ipo, na Sheria ya Misitu Nam. 10 ya 1996 imekwishawaruhusu wanavijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao. Kwa hiyo mara nyingi kinachokosekana ni kanuni, ambayo hutungwa na Waziri, au fedha za utekelezaji, wala si sheria mpya. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku tangu 2006. Uvuvi wa bahari kuu, kwa upande mwingine, unaongozwa na sheria ya Bunge la Muungano, ingawa ofisi za mamlaka yake ziko Fumba. Msimpeleke Mwakilishi wenu mahali asipo na kura.

Kwa Unguja, mimi ningeuweka mchanga mbele ya yote. Mchanga wa kujengea nyumba zetu na hoteli za pwani huchimbwa kwa wingi Wilaya ya Kaskazini B, na pale unapoondolewa pamoja na udongo wa juu, minazi na miembe imekwishakatwa na shamba halilimiki tena. Shimo hilo atalirithi mtoto wa mkulima. Mwombeni Mwakilishi aulize vibali vingapi vimetolewa, mapato yake ni kiasi gani, na ni sehemu gani ya mapato hayo iliyorudi kufukia mashimo na kupanda miti. Kabla ya kumwendea, pigeni picha za shimo lile lile wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mpime kina chake kwa kamba, na muandike maelezo ya wenye mashamba kwa ridhaa yao, sheha, yaani kiongozi wa shehia, akiwa anajua.

Paje na Jambiani huenda mwani ukatangulia. Ukulima wake wa biashara ulianza 1989 na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa katika maji ya kina kifupi yanapopata joto. Ombi lao liwe vyombo na mafunzo ya kulima kwenye maji ya kina kirefu, na waliseme wao wenyewe, kwa sababu hakuna afisa anayeweza kueleza vizuri zaidi yao namna mwani unavyooza kambani.

Maombi yaingie katika ukurasa mmoja. Mkabidhini Mwakilishi jimboni kwake, ana kwa ana, na nakala ipelekwe kwa kamati ya kudumu inayosimamia wizara husika, maana wajumbe wake huyapitia makadirio kabla hayajafika ukumbini. Kikao kikimalizika, tafuteni taarifa rasmi ya majadiliano, mnakili ahadi ya Waziri neno kwa neno pamoja na tarehe yake, na mumpe Mwakilishi nakala hiyo ili aifanye swali la kikao kinachofuata.