Vizibo vya soda kabla ya kalamu

Nimejifunza hili juzi tukiandaa igizo Magomeni, nikaona nisilikalie. Ukiandika futuhi ya fumanizi, ile ya huyu anaingia yule anachoropoka, usianze na maneno. Chora ramani ya nyumba ya kupanga: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, mlango wa uani. Kila mhusika mpe kizibo cha soda, na pembeni kikaratasi chenye uongo anaouamini sasa hivi (“mwenye nyumba kasafiri Tanga”). Kisha sogeza. Kizibo hakitoki chumbani bila sababu yake mwenyewe: kufuata ndoo, kumkimbia mdai, tumbo la kuendesha.

Mtazamaji hachekeshwi na mbio. Anacheka kwa kuwa anajua nani yuko nyuma ya pazia, na aliyeshika kitasa hajui. Vizibo vinakuonyesha papo hapo pale wawili walipogongana koridoni bila wewe kukusudia, siri ikafa ukurasa wa nne. Georges Feydeau, mwandishi wa futuhi Mfaransa aliyefariki 1921, alipanga milango yake jukwaani kwa hesabu kali kama hiyo.

Njia hii haifui dafu uongo ukiwa mwepesi. Kama simu moja ya mke inamaliza kila kitu, andika uongo mwingine. Chaji kuisha ni kisingizio cha mara moja tu. Ukikirudia, watu wanaguna. Na wahusika wakizidi sita, jamani! Mimi nilishasahau kizibo chekundu ni shemeji au mpangaji.