Kuanguka, kupooza na kichwa kugonga: utajuaje na ufanye nini

Huku kwetu mtu akianguka uwanjani neno la kwanza ni shetani, la pili aitwe mwalimu aje amsomee. Mie sina ugomvi na kusomewa, dua zetu wenyewe, lakini maradhi ya ubongo mengine yanahesabiwa kwa dakika, kwahiyo msomeeni huku gari inatafutwa.

Nianze na kifafa maana ndo chenye maneno mengi. Mtu anaanguka ghafla, mwili unakakamaa kisha anatupatupa mikono na miguu, macho yanapinduka, povu linamtoka, pengine anajing'ata ulimi au anajikojolea, akizinduka hajui kimempata nini na anataka kulala tu. Hapo kwanza tizama saa, kweli itizame, maana ukishaingiwa na wahka dakika moja unaiona kumi. Ondoa mawe, jiko na chochote cha kumuumiza, mwekee kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, mlegeze nguo shingoni, mtikisiko ukikatika mlaze ubavu mate yatoke nje. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni wala kidole wala maji, meno yanavunjika na anaweza kupaliwa. Na lile povu haliambukizi, ni mate tu jamani, ati mtu mzima anakimbia anamuacha mwenziwe anaungua jikoni kwa kuogopa mate!

Ikifika dakika 5 haijakatika, au zinafuatana bila kuzinduka katikati, au ndo mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, au kaangukia majini, spitali moja kwa moja. Akiwepo mtu wa pili arekodi kwa simu, sio ya kurusha kwenye magrupu, ya kumuonesha daktari, maana mara nyingi akifika kule keshatulia na daktari hana cha kuona. Na sio kila kifafa ni kuanguka, yuko mtoto wa skuli anakodoa macho sekunde chache, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kama hakuna kitu, wanamwita mzembe kumbe anaumwa.

Dawa zipo za miaka mingi, fenobabitoni, kabamazepini, fenitoini, na Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Shida yetu ni kuacha. Miezi mitatu hajaanguka, basi kapona, vidonge vinatupwa kabatini, kinarudi kwa kishindo. Ramadhani ndo zaidi, kwahiyo nenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama akupangie, nyengine zinanywewa mara moja usiku na hazigusi funga yako, ila kukesha na kukosa usingizi nako kunakiamsha. Mwanamke anaetumia valproeti, nayo ni dawa ya kifafa, asingoje mpaka ashike mimba ndo aulize, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini asiiache mwenyewe. Na mpaka kitulie hakuna kupanda mikarafuu, hakuna kwenda kuvua au kwenye mwani peke yake.

Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 akipata degedege na homa, mlaze vilevile ubavu, siku hiyohiyo apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo.

Haya, kiharusi, kile cha "kapigwa na upepo". Mwambie acheke, anyanyue mikono yote miwili, aseme maneno mawili matatu. Mdomo ukenda upande, mkono mmoja ukishuka, ulimi ukiwa mzito, ondokeni, hata kama baada ya dakika kumi karudi sawa. Shikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho maana ndo swali la kwanza mtaloulizwa, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina masaa 4 na nusu tu, na lazima apigwe sitiskani, picha ya ndani ya kichwa, kwanza kwani kiharusi chengine ni mshipa umepasuka, ndo maana aspirini ya nyumbani usimpe. Kwa mtu wa Makangale, kule kaskazini ya Pemba, masaa hayo yanaliwa na njia, sasa ukiongeza kungoja mpaka asubuhi ndo yamekwisha. Kuchuliwa mafuta kutakuja baadae. Na presha ipimwe kabla, ndo mchawi mkubwa wa viharusi.

Kuna kupooza uso peke yake, mikono na maneno mazima, ila jicho halifumbi na paji la uso upande ule halikunjiki. Huo sio upepo wa feni, ni mshipa wa fahamu wa uso, na wengi wanapona, ila nenda ndani ya masaa 72 daktari aangalie kama upewe prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa, na usiku jicho lifunikwe lisikauke.

Kichwa nacho. Kinachogonga upande mmoja, unatapika, mwanga hutaki kuuona, hicho kipandauso, meza panadoli au ibuprofeni mapema na ulale kwenye kiza. Ukijikuta unameza siku 10 mpaka 15 kwa mwezi, vidonge vyenyewe vinaanza kuleta kichwa. Lakini kikipiga ghafla kama radi, au kina homa na shingo haikunjiki, hicho usikilalie, nenda spitali.