Kutoka kinanda cha kwaya hadi piano ya tamasha: mwongozo kwa wapigaji wa Mtwara na Lindi

Mpigaji anayehudumia ibada mbili kila Jumapili pale Mikindani, Ndanda au Lindi mjini ana mtaji ambao wanafunzi wengi wa piano hawana: sikio linalofuata sauti nne kwa pamoja, na mazoea ya kupiga mbele za watu. Anachopungukiwa kiko vidoleni. Kinanda cha kwaya chenye vibonyezo 61 kina vibonyezo vyepesi vya springi, na vingi vya bei nafuu hutoa sauti ileile uguse polepole au ugonge kwa nguvu. Piano ya tamasha ina vibonyezo 88, kila kimoja kinashuka kama milimita 10, na kukishusha kunahitaji uzito wa karibu gramu 50. Mkono uliozoea kinanda chepesi ukikutana na uzito huo hukaza kifundo, na mpigaji huchoka kabla hajamaliza ukurasa wa pili.

Kwa hiyo anza na chombo. Usinunue kwa kutazama idadi ya milio wala midundo ya mashine. Tafuta piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vyenye uzito wa nyundo, yaani vinavyoiga uzito wa nyundo zinazopiga nyuzi ndani ya piano halisi, pamoja na pedali inayokaa sakafuni bila kuteleza. Kabla ya kulipa, piga nota moja mara kumi, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo. Kama husikii ngazi za sauti kati ya ndogo na kubwa, achana nayo. Bonyeza pia kila kibonyezo kimoja kimoja, maana kwenye vyombo vya mtumba kile kisichoitika huwa kimejificha kwenye nota za chini kabisa, ambazo hakuna anayezijaribu.

Piano ya nyuzi ukiipata, iwe ya misheni au ya familia, ikague zaidi. Unyevu wa pwani hufanya mbao zivimbe, na vibonyezo hushuka visirudi. Chumvi ya upepo wa bahari hushikisha nyuzi kutu. Panya na nondo hula manyoya ya nyundo, mchwa huanzia miguuni. Iweke mbali na dirisha linalotazama bahari, isigusane na ukuta wa nje, na isimame juu ya vibao vilivyotiwa dawa ya mchwa. Unyevu wa chumba ukikaa kati ya asilimia 40 na 60, tuni hudumu. Kipindi cha mvua kusini hilo ni gumu, hivyo mwite fundi mvua zikishakwisha na hewa ikatulia, kwa sababu akija Januari kazi yake itaharibika ndani ya wiki chache.

Sasa kiti. Kaa nusu ya mbele, viwiko vilingane na vibonyezo au viwe juu yake kidogo, miguu ikanyage sakafu. Kiti cha plastiki cha kawaida huwa kifupi, kwa hiyo ongeza ubao mgumu. Godoro halifai, linabonyea. Ukisikia maumivu kwenye mkono wa mbele, simama papo hapo. Anayejikaza hupumzishwa na jeraha kwa miezi.

Kisha sahau kitufe cha kuhamisha ngazi. Wapigaji wengi wa kwaya hupiga kila wimbo kwa vidole vya C na kuiachia mashine ipandishe au ishushe. Piano haina kitufe hicho. Chukua ngazi zote 12 za meja, mikono miwili, oktava mbili, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa kwenye 60, nota mbili kwa kila pigo. Usipandishe mwendo hadi kidole gumba kipite chini bila kiwiko kuruka.

Nyimbo za kuanzia ziwe chache. Chukua Invensheni ya kwanza ya Bach, kipande kifupi cha sauti mbili, ya C, yenye baa 22. Itakuumbua mapema, na hiyo ndiyo faida yake: mkono wa kushoto uliozoea kushikilia tu utalazimika kuimba sawa na wa kulia. Weka kando yake Preludi (kipande kifupi) namba 4 ya Chopin kutoka mkusanyiko wake wa Opus 28, baa 25 tu. Mkono wa kulia ni rahisi. Kazi iko kushoto, ambako nota tatu zinapigwa pamoja, zinarudiwa taratibu, na kila baada ya muda moja tu inashuka nusu hatua huku nyingine zikibaki. Kosa la kawaida ni kuinua mkono kila mara, sauti ikawa ya kugonga. Acha ngozi ya vidole ibaki juu ya vibonyezo, viruhusu virudi juu nusu njia tu, kisha vishushe tena. Nota inayobadilika ipe uzito zaidi kidogo kuliko wenzake. Ukiweza hivyo kwa sauti ndogo bila nota kupotea, mkono wako umeanza kuwa wa piano. Karatasi za nota za watunzi hawa zinapatikana bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni.

Umeme ukikatika, fanya kazi ya kumbukumbu. Andika namba 1 hadi 6 kwenye sehemu sita za wimbo, funga karatasi, kisha sema nota za mkono wa kushoto kuanzia namba yoyote. Wanaopotea jukwaani wengi walikariri kwa vidole tu. Wakikosea nota moja hawana pa kuingilia.

Jukwaa lisisubiri ukumbi. Gina Bachauer, mpiga piano Mgiriki aliyesomea Athens kisha kwa mpiga piano Alfred Cortot huko Paris, alipata medali Vienna mwaka 1933 na kupiga na okestra ya Athens mwaka 1935. Vita ya Pili ya Dunia ikamkuta Misri, akawapigia wanajeshi matamasha zaidi ya 600. London ilimsikia mwaka 1946, New York mwaka 1950. Mgiriki mwenzake Dimitris Sgouros alipiga Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York, akiwa na miaka 12, mwaka 1982, lakini usijipime naye. Njia ya Bachauer ndiyo inayofuatika. Panga programu ya dakika 20, ipige shuleni, parokiani, hata sebuleni kwa shangazi, mara nyingi, kabla ya kugusa kitu kipya.

Kwa cheti, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina madaraja 8. Alama ni 150, kufaulu ni 100, na kuanzia 130 ni kufaulu kwa kiwango cha juu kabisa. Kabla ya kufanya la 6 unatakiwa uwe na nadharia ya daraja la 5 au mbadala wake, kwa hiyo isome sambamba. Mtihani wa kupiga nyimbo nne hufanywa kwa video moja isiyokatwa. Rekodi asubuhi, feni imezimwa, simu ikiwa imesimama upande wa kulia wako ili mikono, uso na pedali vionekane, na uwe umeijaza chaji: simu ikizimika kwenye wimbo wa nne, unaanza upya na ule wa kwanza.