Probiotiki: jinsi ya kuzuia kuhara kunakoletwa na antibiotiki

Kuhara kunakorudi mara kwa mara kuna visababishi vingi, lakini viwili hujitokeza sana. Kuna uchafu unaoendelea kuingia kwa maji, mikono au chakula, na kuna antibiotiki zilizofyeka bakteria wakaazi wa utumbo. Probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida vinavyotumiwa kwa vidonge au mtindi, husaidia hasa kwenye hicho cha pili. Kama kisima kiko jirani na choo, chemsha maji au tia klorini kwanza. Mtindi hautaokoa kitu.

Bakteria wa kawaida wa utumbo hula chakula ambacho wavamizi wangekula, na hubadilisha nyongo kiasi kwamba baadhi ya wavamizi hawakui. Antibiotiki ikiwapunguza, mbegu sugu za bakteria aitwaye Clostridioides difficile (C. difficile), ambazo dawa haziziui, huamka na kutoa sumu. Ndiyo maana kinga huanza pamoja na dozi, siku ileile au ndani ya siku mbili za mwanzo. Ukingoja mpaka tumbo lichafuke, umechelewa.

Dukani angalia jina kamili la aina. Maneno "bakteria hai" peke yake hayatoshi. Zenye ushahidi mzuri ni Lactobacillus rhamnosus GG (lebo mpya huandika Lacticaseibacillus) na Saccharomyces boulardii, ambayo ni chachu, si bakteria. Herufi GG ni muhimu: rhamnosus mwingine si lazima afanye kazi hiyo. Kipimo ni angalau vijidudu hai bilioni 5 kwa siku, na idadi iliyoandikwa iwe ya hadi tarehe ya kuisha muda, si ya siku ya kutengenezwa. Boulardii huuzwa kwa miligramu: mtu mzima hutumia 250 mara mbili kwa siku.

GG achukuliwe saa 2 au zaidi mbali na antibiotiki, la sivyo dawa itamuua. Boulardii haiuliwi na antibiotiki, lakini dawa za fangasi kama flukonazo huiua. Ukifungua kidonge, changanya na maji au chakula kilichopoa. Uji wa moto utaua chote ulichonunua. Endelea wiki moja baada ya kumaliza dozi.

Mtindi wa kutengeneza mwenyewe ni nafuu zaidi. Jijini Mwanza, mradi wa Chuo Kikuu cha Western cha Canada ulisaidia kina mama kutengeneza mtindi wenye rhamnosus GR-1, na Uganda shirika la Yoba for Life lilisambaza pakiti za mbegu kavu zenye rhamnosus yoba 2012, ambaye ni GG huyohuyo, pamoja na Streptococcus thermophilus. Wawili hao wamewekwa pamoja kwa sababu: GG hawezi kutumia sukari ya maziwa, kwa hiyo mwenzake humvunjia kwanza.

Chuja maziwa, yapashe hadi nyuzi 85 na uyashikilie hapo dakika 30 huku ukikoroga yasiungue chini. Weka sufuria, ikiwa na mfuniko, ndani ya beseni la maji baridi mpaka yafike nyuzi 45. Nunua kipimajoto, mkono hudanganya. Tia mbegu kwa kipimo cha pakiti ukitumia kijiko kilichochemshwa, koroga dakika 2, mimina kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, ifunge kwa blanketi na usiiguse kwa saa 8 hadi 12. Yakishaganda yaweke kwenye friji. Glasi moja kwa siku inatosha, na usiipashe.

Yakikataa kuganda, wengi hulaumu mbegu. Muulize kwanza muuza maziwa kama ng'ombe ametibiwa kiwele. Antibiotiki iliyobaki kwenye maziwa huua mbegu yako, na kuchemsha hakuiondoi vya kutosha. Siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa, zilizoandikwa kwenye dawa ya mifugo, zisirukwe. Sababu nyingine ni maziwa yaliyotiwa maji, mbegu iliyotiwa kabla maziwa hayajapoa, au chombo kilichopoteza joto mapema. Maji ya kijani-njano juu ya mtindi si kasoro ya hatari. Mapovu, utelezi na harufu ya pombe ni uchafu ulioingia: mwaga.

Usichukue mtindi wa jana kuwa mbegu ya leo mara nyingi. Uwiano wa bakteria wawili hao hubadilika kila mzunguko, na baada ya mizunguko michache unaweza kuwa na mtindi mtamu ambao GG karibu hayumo. Ule wa dukani uliopashwa moto baada ya kuchachushwa una bakteria wafu tu.

Watoto njiti, wagonjwa mahututi, wenye kinga iliyoshuka sana na wenye mpira kwenye mshipa mkuu wasitumie bila daktari, kwani vijidudu hivi vinaweza kuingia kwenye damu.

Choo laini mara 3 au zaidi kwa siku, wakati wa antibiotiki au miezi michache baadaye, omba kipimo cha C. difficile. Ukiona damu au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo na usinywe loperamidi (dawa ya kuzuia kuhara). Kunywa ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), mtoto wa zaidi ya miezi 6 apewe pia zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Nyumbani nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana jeli ya pombe haiui mbegu sugu za C. difficile, na choo kisafishwe kwa klorini.

C. difficile ikirudi tena na tena, probiotiki hazitibu. Tiba ni antibiotiki za vankomaisini ya kunywa au fidaksomaisini, kisha daktari anaweza kuhamishia bakteria wa kinyesi cha mtu mwenye afya. Katika jaribio la Amsterdam lililochapishwa 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona baada ya kuhamishiwa mara moja tu. Usijaribu nyumbani: mwaka 2019 mgonjwa mmoja Marekani alifariki kwa bakteria sugu waliotoka kwenye kinyesi cha mchangiaji ambacho hakikupimwa bakteria hao.