Umeacha pombe, sasa mkono unatafuta kitu ingine: ufanye nini

Hii naandikia wale wamepita sehemu ya kwanza, yaani pombe wameshaiacha. Kama bado unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ile ya asubuhi ya kutoa lock, usikatize ghafla ukiwa peke yako kwa nyumba, ona daktari kwanza, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa unaweza kuleta kifafa siku mbili tatu za kwanza na watu wanakufa hivyo. Wengine tuendelee.

Kitu hatuambiwi ni kwamba chupa inatoka lakini ile njaa inabaki. Na unajijua, wewe si mtu wa kimoja. Njugu ya stage inaisha kabla matatu ijae, series unamaliza ukisikia muadhini, ukipenda mtu unapiga simu mara kumi kwa siku mpaka anakublock. Madaktari hawana ugonjwa unaitwa "mtu asiyejua kimoja" kwa vitabu vyao, lakini wanakubali kitu moja: karibu nusu ya hatari ya kuwa mlevi ni ya kurithi. Kwa hivyo kama guka alikunywa, baba akakunywa, na kuna anko aliuza ploti akamalizia kwa baa, usishangae sana ukijiangalia kwa kioo. Hiyo nusu ingine ndio tunaongelea hapa.

Sasa, wengi wakiacha wanagawa vitu mara mbili, mbaya na nzuri. Pombe mbaya, gym nzuri. Bangi mbaya, kanisa nzuri. Mimi nakuambia usigawe hivyo, angalia mbio, yaani kasi ya hicho kitu. Uliza hiki kitu kinanilipa baada ya muda gani? Chenye kinalipa haraka ndio kinashika haraka, hata kama ni halali na mama yako anakipenda. Sigara moshi ukivuta unafika kwa ubongo ndani ya sekunde kama kumi hivi, ndio maana yule alikuwa anavuta mbili akikunywa Ijumaa sasa amefika pakiti kwa siku na anasema angalau si pombe.

Chukua beti. Zamani ulikuwa unaweka mechi za wikendi, unangoja dakika tisini, unateseka polepole. Leo kuna Aviator, mchezo wa beti wa kwa simu. Unaweka mia, kandege kanapaa, namba inapanda nako, 1.20, 1.75, 2.40, kidole kiko juu ya kitufe, unajiambia ngoja kidogo, kandege kanapotea na mia imeenda, na kabla hujakasirika vizuri raundi ingine imeanza. Yote ni sekunde chache. Hakuna mahali pa kupumua hapo katikati, na imetengenezwa hivyo. Mtu ametoka kwa pombe akiingia hapo ni kama amehama nyumba kwa ploti ile ile. Hata madaktari wa Marekani walipoandika upya kitabu chao cha magonjwa ya akili 2013, kamari waliitoa mahali ilikuwa wakaiweka kundi moja na pombe na dawa za kulevya.

Kwa hivyo kazi yako ni mbili tu, vitu vya mbio uviwekee mawe kwa njia, na vitu vya polepole uvizoee hata kama vinaboesha. Na vitaboesha, nisikudanganye.

Mawe nayo ni hivi. Pesa isikae kwa M-Pesa. Mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo toa rent, toa ya sacco, toa ya chama, ingine ifunge kwa akaunti yenye huwezi kutoa mpaka tarehe fulani, ubaki na ya fare na chakula. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, jitoe, na apu za mkopo futa, kwa sababu mtu wa aina yetu hapaswi kuwa na uwezo wa kukopa akiwa amelala kitandani saa nane usiku. Akaunti ya beti usifute apu peke yake, waandikie wakufungie kabisa, apu unairudisha na bando ya ten bob. Simu ilale sebuleni ikicharge. Kama unaishi bedsitter sasa sebule iko wapi, basi iweke mbali na mkono, juu ya kabati, uamke uifuate. Hiyo safari ya hatua nne inasaidia kuliko unavyofikiria, ile hamu ikikupata mara nyingi inapanda, inafika juu, inashuka, na kama nusu saa hivi imepungua. Unahitaji tu kitu cha kukuchelewesha.

Miraa niiseme pekee yake maana ndio wengi wanakimbilia, na ukiangalia mbio pekee itakudanganya, kutafuna ni masaa. Unakaa na maboyz, kuna Big G, kuna soda, kifurushi kimefungwa na majani ya ndizi kisikauke kwa sababu ile nguvu yake inapotea siku mbili hivi baada ya kukatwa, story ni tamu na hakuna mtu amelewa. Shida iko mwisho. Saa sita usiku handas, ile stimu ya miraa, imejaa, macho ni kama taa za gari, kitanda hakikutaki. Na kila mtu hapo anajua kitu cha kushusha handas ni nini. Si maji. Muguka, ndugu yake miraa, ni hadithi ile ile kwa bei ya chini. Kama ulikuwa mlevi, hiyo base, pale maboyz wanatafunia, usiketi, hata ya kusalimia.

Sukari ndio mimi nahurumia. Pombe ilikuwa inakuletea kalori nyingi, gramu moja ina kalori saba, kwa hivyo ukiacha mwili unalia mandazi, soda, keki, chokoleti. Miezi ya kwanza kula, isipokuwa kama una kisukari, hakuna mtu amewahi kuuza sofa juu ya mandazi. Utashughulikia tumbo baadaye. Kahawa ndio uangalie saa, masaa matano hivi baadaye nusu yake bado iko kwa damu, ukikunywa saa 11 jioni bado iko na wewe saa 4 usiku, hulali, na usipolala kesho yake ndio hamu inakuja na nguvu.

Na hiyo saa 11. Sheria ya 2010, ile tunaita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeileta, ilisema baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi, na kama umekunywa miaka mingi Nairobi mwili wako umeandikwa hiyo saa hata kama baa ya mtaa wenu haikuwahi kufuata sheria. Jaza hapo. Kula kabla utoke kazini, usipande matatu na njaa. Watu wa AA, vile vikundi vya walioacha pombe, wana vitu vinne wanakagua hamu ikija: njaa, hasira, upweke, uchovu. Saa 11 jioni kwa jam ya Mombasa Road unaweza kuwa na zote nne, na konda amekuzidishia fare.

Vya polepole ni gani? Kutembea msitu wa Karura, kupika githeri kutoka mwanzo, kufuga kuku kama kuna mahali, kujifunza ufundi fulani, mkutano wa AA, ushonaji, chochote chenye matunda yake unaona baada ya wiki. Lakini hata hapa jichunge maana sisi tunaweza kuharibu kitu chochote. Kuna mtu anaacha pombe anaanza kukimbia, mwezi wa tatu anakimbia na goti limefura. Kuna wa kesha, Jumatatu kesha, Jumatano kesha, Ijumaa kesha, sadaka ya mbegu amepanda mpaka pesa ya school fees, bibi yake sasa anaona afadhali alipokuwa anakunywa kwa sababu wakati huo angalau Jumapili alikuwa nyumbani.

Mtu akikuambia umezidisha, usijibu hapo hapo. Angalia kama umeanza kuficha, kama unasema moja unafanya tano, kama umekopa kwa ajili yake, na kama ukiambiwa kesho hakuna utakasirika kiasi gani. Ukiona mawili, punguza. Kuficha peke yake inatosha kuacha kabisa. Na ile kiwango ya kupunguza iamue asubuhi ukiwa na akili zako, umwambie mtu mwingine, usiiamue ukiwa katikati ya kitu yenyewe.

Kitu ya mwisho ni dawa. Ukienda kung'olewa jino au umeumia mgongo, mwambie daktari na yule wa chemist wazi kwamba ulikuwa mlevi. Dawa za kutuliza kama Valium zinagusa mahali pale pale kwa ubongo pombe inagusa, na zile za maumivu zenye codeine pia zina utamu wake. Hakuna aibu, wanasikia hizo story kila siku, na mara nyingi kuna dawa ingine ya kukupatia.

Ukiona imekushinda, NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, inashikwa mchana na usiku. Huhitaji story ndefu wala kulia. Sema tu pombe niliacha, sasa ni beti, au sasa ni veve, yaani miraa, na wataanzia hapo.