Kuomba leseni ya biashara ya programu Dodoma: usimlipe mwenye nyumba kwanza

Jina la biashara halisumbui. Ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, unaingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, unaandika jina, unalipa, unasubiri. Tulia tu kwenye kuchagua shughuli: yako ni 6201, uundaji wa programu za kompyuta. Hata hivyo jiandae. Dirisha moja niliulizwa, "Programu za redio?" Hapana mama, za kompyuta. "Haya, kompyuta zenyewe ziko wapi?" Nikamwonyesha begi.

TIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA), ni bure. Kijana wa steshenari akikutajia bei, hiyo ni ya kukujazia fomu. Beba barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango.

Mkataba ndio ulioninyoa. Chumba changu cha Makole ni 150,000 kwa mwezi. Nikalipa mwaka mzima, 1,800,000, nikasaini, nikaondoka napiga mluzi. Kumbe pango la biashara lina ushuru wa stempu asilimia 1, yaani 18,000, na kodi ya zuio asilimia 10, yaani 180,000. Zuio ni kodi ya mwenye nyumba, ila mpangaji ndiye anayetakiwa kuikata kabla ya kutoa hela: yeye umpe 1,620,000, zilizobaki uzipeleke TRA. Nikamfuata mzee. Akanikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hayo ni yako na serikali." Ile 180,000 nikatoa mimi.

Kwa hiyo kifungu cha zuio kiandikwe kabla ya kusaini. Akigoma, vyumba viko hata Nkuhungu na Ipagala. Na atakayekushauri mwandike mkataba wa pili wenye pango dogo wa kuonyesha TRA, mpite.

Kwenye makadirio ya kodi ya mapato, pale TRA, usijitape. Mimi nilianza kusimulia zabuni ya Mtumba, kule Mji wa Serikali, kama vile nimeshalipwa, na ofisa akawa anaandika tu. Kodi hiyo inalipwa kwa awamu nne, zabuni ije isije.

Ukishapata cheti cha uthibitisho wa kodi, leseni ya jiji inaombwa kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri: pakia viambatisho, pata namba ya malipo, lipa, chapisha. Programu yako ikihifadhi taarifa za watu, jisajili pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ipo tangu 2022.

Leseni ni ya miezi 12. Mkataba wangu nao unakaribia kuisha, na safari hii chai ya mzee nitaanza nayo.